Kujifunza Ukubwani: Mhadhara kwa Watu wa Nuu

Nawashukuru kwa kuchagua saa hii ambayo akina mama wamesharudi kutoka kuteka maji. Mkutano wa watu wazima ukiwekwa asubuhi, nusu ya wanaohusika huwa wamefungiwa mlango kabla msemaji hajasimama.

Nimekuja na neno moja. Nataka tukubaliane kwamba kujifunza kwa mtu mzima si ajabu ya kushangiliwa, wala si hisani kwa aliyekosa shule utotoni. Ni haja ya kila siku, na katika nchi kame kama hii ni haja ya kuokoa maisha. Kwa hiyo inastahili kupangiwa muda, mahali, mwalimu na fedha, kama tunavyopangia maji na barabara. Nina hoja nne. Ya kwanza nitaikalia sana, ya mwisho nitaipitia upesi, kisha nitasema ninachoomba tukifanye kabla ya mvua za vuli.

Lakini kwanza nirudi nyuma hadi mwaka 2004, kwa sababu mwaka huo Kenya ilipata masomo mawili, ikalisikia moja tu.

Tarehe 12 Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret, akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wenzake. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza Januari ya mwaka uliotangulia, naye akaichukua ahadi ile kuwa yake pia. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa, na alipofariki Agosti 2009 dunia nzima ilimlilia. Ninamheshimu sana mzee yule.

Miezi michache baada ya Maruge kuketi kwenye dawati, watu walianza kuugua huku kwetu, Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakashindwa kazi. Hospitali ziliorodhesha wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu. Taifa lilimshangilia mzee mmoja aliyeingia darasani, huku mamia ya watu wakiugua kwa kukosa somo ambalo lingefundishika jioni moja. Hapo ndipo mhadhara wangu unapoanzia.

HOJA YA KWANZA: Katika nchi kame, somo hubadilika kabla mwanafunzi hajazeeka

Tuiangalie sumukuvu kwa makini. Kuvu inayoitoa sumu hii huishi udongoni. Ukame ukiyatesa mahindi shambani, humea ndani yake kwa urahisi, na mahindi hayo yakiwekwa ghalani na unyevu, huongezeka. Wachunguzi walipofuatilia vifo vya 2004 waliona kwamba wengi walioathirika walikuwa wamehifadhi mahindi yasiyokauka vizuri, tena ndani ya nyumba wanamolala. Sumu yenyewe haina harufu, haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Mama anaweza kuosha, kukoboa, kuchemsha githeri kutwa nzima kwa mapenzi yote, na bado akawawekea wanawe sumu mezani.

Sasa niambieni, ni darasa gani la utotoni lingemfundisha mama huyo? Aliyemaliza darasa la saba mwaka 1980 alijifunza hesabu, historia na jiografia. Sumukuvu hakuisikia. Ujuzi wa kuhifadhi nafaka aliupokea kwa mamake, na ulikuwa ujuzi mzuri kwa maghala ya wakati ule, yaliyoinuliwa juu na kupitisha hewa. Nyumba zimebadilika, maghala yamebadilika, hofu ya wezi imeingiza magunia chumbani. Somo limebadilika, na mwanafunzi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Na somo lenyewe ni jepesi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache kwa muda. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikidondoka chini kavu, uko karibu na kile kiwango cha asilimia 13.5 ambacho maafisa wa kilimo hukishauri. Naona akina mama hapa mbele wanatikisa vichwa, mmekwisha kuifanya. Basi mfundisheni aliye kando yenu leo hii kabla hamjaachana njiani.

Sumukuvu ni mfano mmoja tu. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika, yalitoka katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, katika miaka ya 1960. Waliojifunza kuyapanda walikuwa watu wazima wenye mashamba yao na desturi zao. Ndengu nazo zilikuwa kitoweo cha nyumbani. Leo ni zao la biashara, na mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui iligawa mbegu zake kwa wakulima. Zao hukomaa kwa takriban miezi miwili, na mambo ambayo mkulima anatakiwa kuyajua yameongezeka: kipimo cha dawa ya wadudu, siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, uzito wa gunia, tofauti ya bei ya Mwingi na ya Nairobi. Mfugaji wa nyuki aliyerithi mizinga ya magogo juu ya mibuyu anaambiwa leo kwamba asali yake itapata bei nzuri ikiwa safi, imechujwa, haina moshi wala majivu. Mabadiliko haya yote yanamkuta mtu akiwa na miaka arobaini, hamsini, sabini. Hawezi kumtuma mtoto akajifunze kwa niaba yake.

HOJA YA PILI: Mtu mzima hujifunza akiwa huru, pamoja na wenzake, juu ya kazi aliyoishika mikononi

Historia yetu wenyewe ni ushahidi. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitazama Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wakaiandika kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Dawa yao ilikuwa amri: punguza ng'ombe, chimba matuta. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo. Serikali ililegeza amri ile, lakini Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Kuchimba matuta kwa kulazimishwa kuliacha chuki, na uhuru ulipokuja wengi waliyaacha.

Halafu watu hao hao wakayarudia kwa hiari. Wakachimba matuta ya fanya juu, wakichimba mtaro kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ili maji yasimame na shamba lijisawazishe lenyewe kadiri miaka inavyopita. Waliyafanya kwa mwethya, kikundi kikihama kutoka shamba la huyu hadi la yule. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya nchi hiyo. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na ardhi ikawa na mmomonyoko mdogo kuliko zamani. Udongo ulikuwa ule ule, na wanafunzi wale wale pamoja na watoto wao. Kilichobadilika ni kwamba walijifunza wakiwa wenyewe mabwana wa kazi.

Mabwawa ya mchanga yamefuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, Machakos, walianza kazi iliyokuja kuenea Ukambani kote. Huku Kitui shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa pamoja na wanavijiji. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mbali na jua na mbali na mbu. Kuchagua mahali pa ukuta ni elimu: ukikosa mwamba, maji yatatoroka chini; ukipata mto wenye matope mengi, utavuna tope badala ya mchanga. Na angalieni nani walijenga. Ni akina mama walioinua mawe, wakapima mchanga na saruji kwa karai, wakateua mweka hazina, wakajifunza kusoma daftari la michango ili mtu asidhulumiwe. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, lakini elimu waliyoipata mtoni ilikuwa elimu kamili.

Kwa hiyo nasema kwa uwazi: madarasa yetu ya watu wazima, haya tunayoyaita ya ngumbaru, yanafifia kila tunapoyaiga ya watoto. Bibi wa miaka sitini akiketi kwenye dawati la mtoto, akiambiwa arudie silabi zisizohusu chochote anachokifanya, atakuja wiki mbili, ya tatu atasema mbuzi wamepotea. Mwalimu atasema wazee ni wagumu, na atatoa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ile ni ya malezi, ya kurekebisha tabia za mtoto mapema. Haikutungwa ili kumfungia mzee mlango wa maarifa, na tumeitumia vibaya kwa muda mrefu.

HOJA YA TATU: Asiyesoma huishi kwa macho ya mwenzake

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, bibi zetu hawakungoja semina. Walijifunza hatua za kutuma na kutoa pesa kwa kuhesabu vidole na kukumbuka mahali pa kila kitufe. Ni ushahidi mzuri kwamba akili ya mtu mzima haijalala. Hata hivyo, asiyeweza kuusoma ujumbe uliofika humpa mjukuu simu, na pamoja na simu humpa namba ya siri. Tapeli akimpigia kusema pesa zimeingia kimakosa azirudishe, hana njia ya kuhakikisha. Hata dawa kutoka zahanati, anameza kwa kukumbuka rangi ya vidonge. Siku kiwanda kikibadilisha rangi, atameza kwa kubahatisha.

Na kuna karatasi kubwa kuliko hizo. Majirani zetu wa Mui wanakalia makaa ya mawe. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ya Fenxi juu ya sehemu mbili za bonde lile. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi ya wakazi wa bonde hilo, na mojawapo ya maswali makubwa mbele ya majaji lilikuwa ikiwa umma ulishirikishwa ipasavyo. Sitaingia katika upande wa nani alikuwa na haki. Nauliza tu jambo linalotuhusu sote: mzee ambaye shamba lake limo katika ramani ile angewezaje kushiriki, wakati hati za mambo kama hayo huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili? Katiba ya 2010 imetupa haki ya kusikilizwa katika mambo ya umma, hata katika bajeti ya kaunti. Haki hiyo humfikia kwa ukamilifu anayeweza kufungua kitabu cha bajeti, akatafuta ukurasa wa wadi ya Nuu, akauliza kwa nini kisima kilichoandikwa mwaka jana hakijachimbwa. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kusoma ukubwani ni anasa ya wastaafu.

HOJA YA NNE: Mwenye cheti naye hajamaliza

Nitaipitia upesi, maana walimu waliopo wanaijua. John Mbiti alizaliwa Mulango, hapa Kitui, mwaka 1931. Alipata shahada ya uzamivu Cambridge, akafundisha Makerere, akaandika vitabu vinavyosomwa duniani kote. Angeweza kupumzika. Badala yake alirudi kwenye Kigiriki cha kale na Kikamba cha nyumbani, akalitafsiri Agano Jipya lote peke yake, na tafsiri ikachapishwa mwaka 2014 akiwa amepita miaka themanini. Kabla yake, Mutisya wa Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Vinyago vya Wakamba vinavyouzwa leo Mombasa na Nairobi vina mizizi katika mtu mzima mmoja aliyekubali kuwa mwanafunzi ugenini. Mwalimu ambaye hajafungua kitabu kipya tangu atoke chuoni awatazame hawa wawili.

TULIKOTOKA NA TUNAKOELEKEA

Yote niliyoyasema yamewahi kupangwa kwa mapana katika eneo letu. Tanzania, chini ya Mwalimu Nyerere, iliufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi na vitabu vyake. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Takwimu za serikali yao zilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka thuluthi mbili ya watu wazima hivi hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Sisi Kenya tuliunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966, tukaanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, halafu mkono ukalegea. Uchunguzi wa kitaifa wa 2006 ulikuta watu wazima wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 61.5, na vijana na wazee milioni 7.8 wakiwa nje ya mlango.

Tuna kizuizi kingine ambacho hakizungumzwi. Jedwali la Nne la Katiba liliwapa magavana kilimo, afya ya mashinani na vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini elimu ya watu wazima ikabaki na serikali kuu. Kwa hiyo bwana shamba anayejua sumukuvu ana bosi wake Kitui, mhudumu wa afya ya jamii anayejua dalili zake yuko chini ya idara nyingine, na mwalimu wa watu wazima anayejua kufundisha ana bosi wake Nairobi. Wote watatu wanapita kwenye boma moja la Nuu, siku tofauti, bila kujuana. Sheria haituzuii kuwakutanisha. Hilo ndilo ombi langu la kwanza kwako, Bwana Chifu: waite watatu hao meza moja, watengeneze ratiba moja.

Ratiba hiyo ifuate mvua. Oktoba na Novemba watu wako shambani. Asiwepo wa kuwaita darasani. Somo la kukausha na kuhifadhi nafaka litangulie mavuno, si kufuata mazishi. Miezi ya kiangazi, jioni, ndiyo ya kusoma na kuandika, na kitabu cha kwanza kiwe kile kilichoko nyumbani: ujumbe wa simu, kijikaratasi cha dawa, daftari la kikundi. Walimu wakuu, madarasa yenu yanalala tupu kuanzia saa kumi na moja jioni, tunaomba funguo.

Mafundi wetu wa pikipiki, wa kuchomelea na wa uashi, waliojifunza kwa mikono bila cheti, wasaidiwe kufikia mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ili ujuzi wao utambuliwe na anayetoa kandarasi. Vikundi vya akina mama viombe kituo kimoja cha redio cha Kikamba kipindi cha kilimo cha kila wiki, na wasikilize pamoja kama walivyofanya wenzetu wa Tanzania, kisha wajadili. Na vijana wa sekondari, wakati wa likizo, wakae na wazee waandike majina ya miti ya milima ya Nuu, dawa zake, dalili za mvua, na njia za maghala ya zamani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, ndani ya kaunti yetu. Kiombwe kuyapokea maandishi hayo na kuyapima kwa sayansi, na majibu yarudi hapa yasomwe kwa sauti mbele ya wazee walioyatoa.

Kuna daftari mezani hapa mbele. Naomba kila kikundi kilichokuja kiandike somo moja kinalolitaka kabla ya Oktoba, na jina la mtu wa kijijini ambaye kinaamini anaweza kulifundisha. Asiyeweza kuandika amwambie jirani yake, na jirani aandike kama alivyoambiwa, bila kurekebisha. Daftari likijaa nitalipeleka Mwingi na Kitui mwenyewe, kwa ofisi zote tatu. Sasa naketi, na maswali yaanze na akina mama walioko nyuma.